Muulize Fundi: Tairi kubwa bila kuinua gari

Mvua ikianza tu huku kwetu, kuanzia Nakuru mpaka ziwani, barua zinakuwa ni za tairi tu. Mwezi huu karibu wote mnauliza kitu kimoja, naweka vipi tairi kubwa na gari ibaki urefu uleule. Nimechagua hizi sita. Zile za bei nimeziacha, bei uliza duka, na yule aliyeuliza tairi gani inatoka vizuri kwa picha, hiyo si idara yangu.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko na Prado 120 ya 2006, dizeli, inavaa 265/65R17. Nakaa Njoro na shamba liko juu Mau Narok, sasa mvua ikinyesha trekta zinachimba barabara na katikati panabaki tuta linanigonga tumbo. Nataka tairi kubwa lakini kuinua gari sitaki, mzee wangu ana miaka 78 na hata hivi ilivyo kupanda ni shida, na mama watoto naye amekataa kabisa. Fundi mmoja hapa Nakuru ameniambia bila lifti kiti (lift kit, vifaa vya kuinua gari) ya inchi mbili hakuna tairi kubwa inaingia, mwingine anasema tukate tu tuingize. Nani anasema ukweli? – Mkulima, Njoro

JIBU: Mkulima, hao wawili kila mmoja amekuuzia nusu. Tuanze na wa lifti, juu hii stori imezoeleka mpaka watu hawaiulizi tena.

Ukiinua gari kwa springi unabadilisha vile gari inakaa ikiwa imetulia. Lakini tairi haigusi fenda gari ikiwa imetulia kwa parking, inagusa ukiingia shimo, springi ijikunje mpaka mwisho, tena mara nyingi ukiwa umekata stiaringi. Na huo mwisho haupangwi na springi, unapangwa na ile raba ya kugongea inaitwa bampastopu. Weka springi ndefu vile unataka, siku ya shimo kubwa tairi itapanda mpaka palepale ilikuwa inafika zamani, na kama hapo hapatoshi itagusa tu. Lifti inafanya ifike huko mara chache, hiyo nakubali, lakini nafasi ya kule juu haiongezeki hata milimita moja mpaka ushushe na bampastopu pia. Wengi wanaouza kiti hawakwambii hii.

Sasa hesabu. 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni rimu kwa inchi. Ukipiga yote, tairi yako ya sasa kutoka chini mpaka juu ni kama milimita 776. Ukienda 265/70R17, upana uleule, rimu ileile, ubavu tu ndio umeongezeka, unapata 803. Tofauti ni 27 hivi, nusu inaingia chini ya difu (ile boksi ya gia katikati ya ekseli) na nusu inapanda juu kwa fenda, kwa hivyo unapata milimita 13 za kupita juu ya mawe na unapoteza 13 za nafasi.

Hiyo ndiyo saizi ningekuwekea na ningeishia hapo. Kwa 120 na hata 150 inaingia bila kuinua, pengine iguse kidogo plastiki ya ndani ya fenda ama madflapu ukikata stiaringi yote huku unarudi rivasi. Wanaokwambia 285/70R17 pia inaingia wanasema ukweli, kwa gari iliyosimama. Hiyo ni milimita 831, imepanda 27 kila upande na imenenepa 20. Kwa ndani inakaribia amu ya juu, ule mkono wa chuma unashika gurudumu, na kwa nyuma inagonga ile maunti ya bodi, pale bodi inafungwa, imechomelewa kwa chesisi nyuma ya gurudumu la mbele. Hapo ndipo huyo fundi wako wa pili anatoa grainda. Kukata maunti na kuchomelea sahani mpya ni kazi inafanywa na ikifanywa na mtu anajua inashika, lakini hiyo ni chesisi mzee, si geti ya ng'ombe. Kwa gari inabeba familia Mau Narok na kurudi sioni sababu.

Kabla ununue chochote angalia vitu viwili. Kwanza hizo bampastopu zenyewe. Gari ya 2006 raba zimeisha, mara nyingi unapata kumebaki kipande ama hakuna kitu kabisa, na kama haipo basi gurudumu linapanda juu kuliko vile Toyota walipanga, na hata tairi ya saizi ya kawaida inaweza gusa. Pili ni springi. Gari imebeba viazi miaka yote hiyo springi zimekaa, na ukiweka mpya za kimo kilekile cha kampuni gari inarudi mahali pake bila kuitwa lifti, mzee hatajua hata, na pengine nusu ya hiyo shida yako ya tumbo ilikuwa hapo tu.

Halafu pima. Tafuta rafiki mwenye 265/70R17 akuazime moja ama mbili kwa saa moja, ufunge mbele, hapohapo nyumbani, usitoke nazo barabarani. Paka chaki nene kwa plastiki ya ndani, kwa pembe ya bampa, kwa maunti na kwa ule mshono wa bati nyuma ya gurudumu. Pandisha gurudumu la mbele kushoto kwa ukingo wa udongo, la nyuma kulia nalo kwa ukingo mwingine, springi za hizo pembe mbili zijikunje. Beba watu ndani, au magunia, gari tupu inadanganya. Kata stiaringi mwisho kulia, mwisho kushoto, sogea kidogo mbele, sogea nyuma, halafu badilisha upande. Ukishuka angalia wapi chaki imefutika. Ni hapo tu panaguswa, na ni hapo tu fundi aguse.

Madflapu unakata ama unasogeza nyuma. Plastiki unaipasha moto, unaisukuma, unaifunga na klipu. Mshono wa bati unalazwa na nyundo halafu unapakwa rangi siku hiyohiyo kabla kutu ianze. Ukimaliza kati ya tairi na kila kitu kubaki vidole viwili, sio karatasi, kwa sababu tairi ikiwa safi kwa lami ni mambo mengine na tairi ikiwa imejaza tope lenye nyasi ni mambo mengine kabisa. Tope likishindilia kwa fenda linasimamisha gurudumu ama linang'oa plastiki yote.

Nikwambie pia kitu hutapenda. Milimita 13 hazitakutoa kwa lile tuta la trekta. Zitasaidia, lakini meno ya tairi na vile unaendesha vitasaidia zaidi: toka kwa mfereji, weka gurudumu moja juu ya tuta lenyewe na lingine ukingoni, shusha presha mpaka psi 20 ukiingia kwa matope na ujaze tena ukifika kwa lami. Na usikimbilie LT ya plai 10, ile tairi ngumu ya magari ya mizigo, kwa sababu jirani ameweka. Ni nzito, ni ngumu, inataka presha ya juu kubeba mzigo uleule kwa hivyo ile namba ya presha kwa stika ya mlango haiifai, na mgongo wa mzee ndio utalipa. AT ya kawaida, ile ya lami na matope, inatosha, hakikisha tu indeksi ya mzigo (ile namba ya uzito tairi inabeba) isiwe chini ya ile gari ilikuja nayo. Ah, na usisahau spea. Prado yako ni 4x4 wakati wote, spea ikiwa ndogo kuliko zingine na ukatembea nayo kutoka Mau Narok mpaka Nakuru, difu ya katikati, ile inagawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi njia yote. Nunua tano.

SWALI: Mimi niko Kisumu lakini nyumbani ni upande wa Ahero, ule udongo mweusi unaujua. Gari ni Subaru Forester ile SG, tairi 215/60R16. Vijana hapa wanaweka kubwa nyuma tu mbili ndio mkia ukae juu, wengine wanaweka speisa (kipande cha kuongeza nafasi) juu ya shoka (shock absorber). Nifanye gani? – Nyakach girl

JIBU: Dada, usifanye ya kwanza. Hiyo ya kuweka kubwa nyuma peke yake kwa gari ya AWD, inavuta magurudumu yote manne, ni kununua gearbox polepole. Magurudumu ya nyuma yatazunguka tofauti na ya mbele kila saa, hata kwa barabara iliyonyooka, na ile kaplingi ya katikati ndio inamezea hiyo tofauti. Inapata joto, inazeeka, halafu siku moja gari inaanza kushikashika ukikata kona kwa parking na unaambiwa bei unakaa chini. Zote nne zilingane, saizi na hata kuisha kwa meno.

Ya pili, speisa ya juu ya shoka, inainua bodi sawa, lakini haikusaidii kwa tairi vile unafikiri. Ingia chini uangalie: kwa strati, yaani shoka na springi pamoja, kuna sahani imeshika springi, na hiyo sahani iko karibu kabisa na tairi, hasa nyuma. Ukiweka speisa juu, strati yote inashuka na gurudumu, na sahani inashuka nayo. Umbali kati ya sahani na tairi umebaki uleule. Kwa hivyo kinachopima tairi yako ni hiyo sahani, ingiza vidole uone.

Watu wengi wanavalisha SG 215/65R16 bila kuinua. Kutoka milimita 664 unaenda 686, kwa hivyo inapanda 11 kila upande. Ukipata nafasi ya hizo 11 na ibaki kidole kizima, weka. Usinunue pana zaidi ya 215, upana ndio utagusa kwanza.

Lakini huo udongo wa Kano, wacha niseme. Ukiwa umelowa haujali saizi ya tairi. Unajaza meno kwa mzunguko mmoja, tairi inakuwa kipara mweusi, halafu unapanda kwa fenda na kukauka huko. Forester yenye tairi imejaza fenda ndio inakwama mapema kuliko ile ya saizi ya kawaida, nimeona hiyo mara nyingi upande wa Nyando. Kama unaingia huko wiki baada ya wiki chukua AT yenye meno yameachana, toa madflapu za mbele, na beba kijiti cha kuchokoa tope kwa fenda kabla likauke.

SWALI: Fundi speisa za kusukuma gurudumu nje, za inchi moja na nusu, kwa Hilux zitazuia tairi kugusa ndani? Nimeambiwa ndio dawa kama hutaki lifti. – Section 58, Nakuru

JIBU: Zitazuia ndani na zitaanzisha nje. Kama inagusa amu ama chesisi, kusukuma gurudumu nje kunasaidia. Lakini gurudumu likienda nje linazunguka kwa duara kubwa zaidi ukikata stiaringi, kwa hivyo pembe ya bampa na maunti ya nyuma zinaguswa sasa, tena kwa nguvu. Kwa Hilux nyingi shida ni huko mbele na nyuma ya fenda, sio ndani, kwa hivyo unaongeza ugonjwa. Inchi moja na nusu ni milimita 38, hiyo ni nyingi, beringi zinaona, stiaringi inakuwa nzito na inavutwa na kila shimo, na mawe yote ya changarawe yanapiga mlango.

Kama lazima, milimita chache, na iwe ile inakaa kwa habu (kitovu cha gurudumu) kabisa, matundu 6 kwa duara ya milimita 139.7, sio ile ya kuchongwa na leithi hapo kando ya barabara. Mimi ningetafuta tairi nyembamba.

SWALI: Tuna Landkruza pikap ya shamba hapa Endebess, inavaa 7.50R16 na rimu za chuma zile za ringi ya kutoka. Tunataka kuweka 235/85R16 ndio iwe kubwa kidogo tukipanda upande wa Elgon. Inahitaji kuinuliwa? – Meneja

JIBU: Haihitaji, kwa sababu haitakuwa kubwa. 7.50R16 ni kama milimita 808, 235/85R16 ni 806. Ni kimo kimoja, upana tu umeongezeka. Mtu akikuuzia hiyo kama tairi kubwa amekuuzia jina.

Shida yenu ni rimu. Zile za ringi zinazokuja na 7.50 ni za upana wa inchi 5.5, na 235/85 inataka 6 kwenda juu. Tena rimu ya ringi haishiki upepo bila tyubu. Kwa hivyo mnabadilisha tairi na rimu zote, ama mnakaa na 7.50 ambayo kusema ukweli kwa matope ya Elgon ni tairi nzuri sana, nyembamba, inachimba mpaka ifike udongo mgumu na inashika hapo. Mimi ningebaki nayo ninunue yenye meno mazito.

Na hizo ringi, mtu wa pancha asijaze upepo akiwa ameinama juu yake. Ringi ikiwa haijakaa vizuri inaruka na inaua, hiyo si hadithi. Iwe ndani ya keji, na kama hakuna keji ifungwe minyororo kuzunguka tairi na rimu, ilazwe ringi ikiangalia chini, na hosi iwe ndefu mtu asimame mbali.

SWALI: Nilitoka 265/65R17 nikaenda 265/70R17, sasa spidomita inasema 100 na simu inasema tofauti. Nini mbaya? – Bungoma

JIBU: Hakuna mbaya. Tairi imekuwa kubwa asilimia 3.4, kwa hivyo kama mshale ulikuwa wa kweli, ukionyesha 100 unaenda 103 na kitu. Lakini spidomita nyingi zinatoka kiwandani zikisema juu kidogo kuliko ukweli, kwa hivyo inawezekana sasa ndio yako imekaribia ukweli. Simu ikiwa na GPS nzuri na barabara imenyooka, amini simu. Kitu watu wanasahau ni mileji: kilomita 5,000 kwa dashibodi sasa ni kama 5,170 za kweli, kwa hivyo sevisi ya oili usiivute. Na ukienda kwa tairi kubwa zaidi ya hiyo, tofauti inapanda, 285/70R17 ingekuwa asilimia 7, na hapo trafiki akikuonyesha 107 mahali pa 100 huna la kusema.

SWALI: Fundi mimi ni mwalimu, nafundisha Kapsabet na nyumbani ni Kakamega, niko na Jimny mpya ile ya 1.5, tairi 195/80R15. Nataka 235/75R15 bila kuinua, nimeona ziko na sura. Manual. – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, sura ziko nazo. 195/80R15 ni milimita 693, hizo zako ni 733 na nusu, karibu asilimia 6. Kwa Jimny isiyoinuliwa na rimu za kampuni, ukikata stiaringi mwisho zinaanza kusugua ile redius amu, mkono wa chuma unashika ekseli, kwa ndani, na springi ikijikunja zinatafuta pembe ya bampa. Kwa ekseli ya chuma kama hiyo unaweza kupunguza kona kwa zile bolti za kuzuia stiaringi, kuna wanaofanya hivyo, lakini Jimny inapendwa kwa sababu inageuka padogo, sasa utoe hiyo ubaki na nini.

Kubwa zaidi kwako ni injini. Haina tabo (turbo, ya kusukuma hewa zaidi ndani), na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unapanda. Kapsabet iko karibu mita 2,000, kwa hivyo kabla uguse tairi tayari umeacha kama moja ya tano njiani. Tairi kubwa ni sawa na kunyoosha gia zote kwa pamoja. Ile ngazi ya kutoka Chavakali kupanda Nandi ulikuwa unaimaliza na gia ya 3, sasa utakuwa kwa 2, injini inalia, lori liko nyuma yako linapiga honi. Na ukishuka, breki ni zile zile na gurudumu limekuwa zito.

Weka 215/75R15. Ni 703 na nusu, inaingia bila kuguswa chochote, unapata milimita 5 chini ya difu na meno ya AT, na huo ndio msaada halisi kwa njia za Kakamega mvua ikinyesha. Kwa matope mabaya ingiza 4L, ile gia ya nguvu ya 4x4, Jimny yako iko nayo, gia inakuwa fupi na hiyo tofauti ya tairi huioni kabisa. Panda nayo Chavakali wiki ya kwanza ukiwa umebeba abiria watatu na mizigo ya kawaida, na kama gia ya 3 bado inashika mahali ilikuwa inashika, ziache hapo.